Tundu la Milimita 55: Kuchagua Kamera Nyepesi ya Kupigia Ndege Picha

Ukienda Serengeti au Maasai Mara kupiga picha za ndege, gari ndilo linalobeba mzigo. Lenzi ya kilo tatu inalazwa dirishani juu ya kifuko cha maharage, dereva anazima injini, na jua la saa mbili asubuhi linampiga kwenzi mpaka buluu ya mgongoni inawaka. Ukienda Amani, kule Usambara Mashariki, au Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, au Kakamega, mambo yanageuka. Unatembea kutwa, unapanda na kushuka, na ndege unaowatafuta wamo kwenye kivuli cha miti mikubwa ambako hata saa sita mchana kamera inaona giza. Basi mahali panapokulazimisha kubeba kidogo ndipo panapodai kioo kikubwa, na penye mwanga wa kumwaga ndipo uzito usipokusumbua. Utata wa kuchagua kamera nyepesi ya ndege umekaa hapo, na tangazo la duka halitakueleza.

Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili huanza na kamera na kuishia na kamera: hii ina megapikseli nyingi, ile ina gramu chache. Lakini uzito hauondoki bure. Kila gramu iliyopunguzwa imetolewa mahali fulani: kwenye mwanga, kwenye urefu wa lenzi, kwenye uimara wa kasha, au imehamishiwa kwenye bei. Kazi ya mnunuzi ni kujua imetolewa wapi, kisha ajiulize kama huko anakotazamia ndege ataihitaji.

Hesabu inayotakiwa mtazamaji ndege anaijua tayari, ila haikumbuki anapoingia duka la kamera. Darubini yake imeandikwa 8x42. Nane ni ukuzaji. 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Yeyote aliyewahi kutoka alfajiri anajua kwamba darubini ya 8x42 inamwonyesha ndege wakati ile ya mfukoni ya 8x25 bado inamwonyesha kivuli. Lenzi ya kamera nayo ina namba kama hiyo, ila haijaandikwa waziwazi. Chukua urefu wa lenzi, ugawanye kwa tarakimu inayofuata herufi f, na utapata upana wa tundu ambamo mwanga unapita. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 ina tundu la milimita 150. Ya 600 yenye f/6.3 ina 95. Kwa ndege yuleyule, umbali uleule na kasi ileile ya shata, tundu ndilo linaloamua mwanga wake kiasi gani utaingia ndani. Na kioo cha kutosha tundu pana ndicho kinachokuumiza shingo.

Fanya sasa hesabu hiyo kwa vifaa vitatu ambavyo watu hubishana sana juu yake. Canon RF 600mm f/11, lenzi iliyotoka mwaka 2020 na kudharauliwa na wengi kwa sababu ya ile f/11, ina tundu la milimita 55 hivi na uzito wa gramu 930 bila bodi. Sony RX10 IV ya mwaka 2017, kamera ambayo lenzi yake haing'oki, inafika urefu halisi wa milimita 220 kwa f/4: milimita 55. Nikon P950 ya mwaka 2020, inayojisifu kuvuta mpaka sawa na milimita 2000, ina urefu halisi wa milimita 357 kwa f/6.5: tena milimita 55. Sony hiyo ina gramu 1,095, Nikon gramu 1,005. Kampuni tatu, sensa za ukubwa tofauti kabisa, matangazo yasiyofanana hata kidogo, na zote zimeangukia tundu lilelile. Kwa teknolojia ya miaka hii, anayetaka kuvuta mbali kwa kilo moja au kilo na ushei anapewa milimita hamsini na tano, na si rahisi aongezewe.

Kutoka hapo ngazi inapanda polepole. M.Zuiko 300mm f/4 ya Olympus, gramu 1,270 bila pete ya stendi, ina tundu la 75. Nikon Z 600mm f/6.3 PF ya mwaka 2023, gramu 1,470 pamoja na pete yake, ina 95. Lenzi za 600mm f/4 za Canon na Sony, ambazo wahandisi wamezikondesha mpaka kilo tatu na kidogo, zina 150. Ile Canon ya aina hiyo ya mwaka 1999 ilipita kilo tano. Ukishuka chini ya kilo, Canon RF 100-400mm yenye gramu 635 ina tundu la 50 ikivutwa mpaka mwisho.

Hesabu hii inavunja imani moja iliyoota mizizi, kwamba sensa ndogo inakupa urefu wa bure. Sensa ya Micro Four Thirds ina milimita 17.3 kwa 13, ile ya fremu kamili ina 36 kwa 24, na kweli lenzi ya 300 kwenye ile ndogo inamleta ndege karibu kama lenzi ya 600 kwenye ile kubwa. Lakini 300mm f/5.6 kwenye sensa ndogo inapitisha kutoka kwa ndege huyo mwanga uleule unaopitishwa na 600mm f/11 kwenye sensa kubwa. Anayeicheka f/11 huku akiisifu hiyo nyingine hajagawanya. Faida ya kweli ya sensa ndogo iko kwingine. Pikseli zake zimebanana, kwa hiyo lenzi fupi inatosha. Na lenzi fupi ni rahisi kuitengeneza iwe imara, ivumilie mvua, na ilenge kitu kilicho karibu.

Hayo ya karibu yanastahili kusemwa zaidi, maana katalogi huyaficha chini kabisa ya ukurasa. Msituni ndege hawako mbali kama tunavyodhani. Wamefichika tu. Chozi anakuja kunyonya ua mita mbili kutoka usoni mwako, na ukiwa na RF 600mm f/11 huna la kufanya: hailengi chochote kilicho chini ya mita 4.5. Ndugu yake ya 800mm inataka mita 6, na hata Nikon 600 PF, pamoja na bei yake, inataka mita 4. M.Zuiko 300mm inalenga kuanzia mita 1.4. Ile Canon ndogo ya 100-400 inashuka chini ya mita moja. Weka 100-400 hiyo kwenye bodi yenye sensa ya APS-C, iliyo kati ya zile mbili kwa ukubwa, umpige picha chozi wa sentimita 12 akiwa mita 5, na eneo lote linaloonekana kwenye fremu lina upana wa sentimita 28. Ndege amejaza karibu nusu ya picha, na ulichobeba kina kilo moja na robo hata kama bodi ni Canon R7. Msogeze ndege huyohuyo mpaka mita 20 na anabaki na pikseli mia saba na kitu za urefu. Zinatosha kumtambua na kumtuma kwa simu. Za kutundika ukutani hazitoshi.

Tofauti hiyo ya kumtambua na kumtundika ndiyo ningemwuliza kila mtu kabla hajatoa hela. Wapo wanaopiga picha ili kuthibitisha walichokiona. Mwongoza watalii anayetaka kuhakikisha alama ya bawa baada ya wageni kulala, mwanafunzi anayepeleka kumbukumbu zake Kenya Bird Map au Tanzania Bird Atlas, mtu wa matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya jijini Nairobi: hao hawahitaji manyoya yahesabike. Wanahitaji kamera ambayo wamebeba siku ndege alipotokea. Kwao P950, licha ya sensa yake ndogo, ni chombo cha maana kuliko wapiga picha wenye majina wanavyokubali kusema. Inamvuta tai aliye juu ya mwamba mpaka rangi ya mdomo ionekane, haikudai lenzi ya pili, na ilipotoka iliuzwa dola 800 Marekani. Mbayuwayu wataishinda. Namna yake ya kulenga ni ya polepole, na kwenye kijicho cha kuchungulia ndege anayeruka amekwisha toka kabla hujabonyeza. RX10 IV inalenga upesi zaidi na inapiga picha 24 kwa sekunde, lakini inaishia sawa na milimita 600, na bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 1,700. Anayetaka picha ya kalenda au ya kuuza ajue mapema kwamba kilo moja haitamtosha, na asiilaumu kamera.

Turudi kwenye giza la msituni, kwa sababu ndiko kamera nyepesi zinakoumbuka. Asubuhi ya mawingu, chini ya miti, si ajabu mwanga ukawa mdogo kiasi kwamba kwa f/4 na shata ya 1/250 unahitaji ISO 3,200. Kwenye bodi ileile, f/11 inapitisha mwanga pungufu karibu mara nane, na ISO inapanda mpaka 25,600. Miaka kumi na tano iliyopita mjadala ungeishia hapo: picha ya namna hiyo ilikuwa chengachenga tupu. Kilichougeuza ni programu za kompyuta. DeepPRIME ya kampuni ya DxO ilitoka mwaka 2020, Adobe wakaweka ya kwao ndani ya Lightroom mwaka 2023, na sasa picha ya ISO 12,800 inasafishwa ikawa ya kuonyeshwa watu. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililozifanya lenzi za f/8 na f/11 zipate soko, kuliko jambo lolote lililofanyika kwenye kioo chenyewe. Lakini programu haina miujiza. Pale ambapo mwanga haukufika kabisa, inabuni, na manyoya ya kifua yanakuwa laini ya plastiki ambayo mtazamaji mzoefu anaigundua mara moja. Tena inataka faili ghafi, RAW, na kompyuta yenye nguvu. Laptopu ya kawaida inaweza kuhangaika dakika kadhaa kwa picha moja. Gharama hiyo nayo ni sehemu ya bei ya lenzi nyepesi, ingawa hailemei begani.

Njia nyingine ya kulipa ni subira. Vifaa vya kutuliza mtikisiko vilivyomo kwenye lenzi na bodi za siku hizi vinakuwezesha kushika 1/60 mkononi bila picha kutikisika, ila havimtulizi ndege. Ndege wengi wa chini ya msitu, hasa wale wanaookota wadudu ardhini, huruka hatua mbili, wakasimama, wakasikiliza. Mpiga picha mwenye lenzi hafifu anajifunza kubonyeza wakati wa kusikiliza. Kwa mdiria anayejitupa majini hesabu ni nyingine kabisa: unataka 1/2000 au zaidi, na hiyo haipatikani kwa tundu dogo isipokuwa juani. Juani, kwa kweli, f/11 haina kosa; kwa ISO 800 tu inakupa 1/1600. Ndiyo maana lenzi iliyokuudhi Amani inaweza kukufurahisha ukingoni mwa Ziwa Manyara.

Wahandisi wamejaribu kukwepa hesabu ya tundu kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa lenzi za vioo vya kuakisi za enzi ya filamu, kama zile za 500mm f/8. Zilikuwa fupi na nyepesi, lakini karibu zote zililengwa kwa mkono, na kila nukta ya mwanga iliyokuwa nyuma ya ndege iligeuka pete. Sizipendekezi ila kwa anayependa vitu vya kale. Njia ya pili imefanikiwa zaidi, na asili yake ni baharini. Augustin Fresnel, Mfaransa, alibuni miaka ya 1820 kioo chenye mikunjo ya duara kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, ili kioo kipana kisiwe kizito. Canon waliingiza wazo la jamii hiyo kwenye lenzi ya 400mm f/4 DO mwaka 2001. Nikon wakafuata mwaka 2015 na 300mm f/4 PF ya gramu 755, badala ya iliyoitangulia ya gramu 1,440. Kisha ikaja 500mm f/5.6 PF mwaka 2018, na sasa hiyo 600. Hata zile f/11 za Canon zina kioo cha namna hiyo. Tundu halikupungua, kilichopungua ni kioo cha ndani na urefu wa bomba. Hasara yake ni mwanga wa jua unaokukabili, ambao unaweza kuacha duara zisizotakiwa kwenye picha, na kwa Nikon hasara kubwa zaidi ni mfuko: 600 PF ilianza kuuzwa dola 4,800. Hapo wepesi umelipiwa taslimu. Ukilinganisha na dola 13,000 ambazo 600mm f/4 za Canon na Sony zilianza kuuzwa, si wizi.

Kuhusu bodi sitakaa sana. Tangu Canon R5 ya mwaka 2020 kamera zisizo na kioo cha kuakisi (mirrorless) zimeanza kulitambua jicho la ndege na kulishika, na sifa hiyo imekwisha teremka mpaka kwenye bodi ndogo kama Canon R10 yenye gramu 429, Sony a6700 na Nikon Z50II. Kati ya vijiti vingi bado zinapotea na kulenga kijiti. La kuangalia ni shata ya kielektroniki, ile ya kimya: kwenye bodi nyingi za bei ya kati, Canon R7 ikiwemo, inasoma sensa polepole, na bawa linalopiga linatoka limepinda. Tumia shata ya kawaida kwa ndege anayeruka, ukubali kelele.

Watu hupima kamera wakasahau kilichobaki. Darubini ya 8x42 ina gramu mia saba hivi, na hakuna mtazamaji atakayeiacha nyumbani. Maji lita moja ni kilo moja. Stendi ya miguu mitatu inayostahimili lenzi kubwa nayo ni kilo mbili, na hiyo ndiyo faida ya lenzi nyepesi isiyosemwa: stendi inabaki nyumbani. Mkanda unaopita mabegani badala ya shingoni unapunguza maumivu kuliko gramu mia mbili za kubadilisha bodi. Na kwa wanaopanda ndege ndogo za kwenda mbugani, ambako mzigo kwa kawaida ni kilo 15 kwenye begi laini, tofauti ya 600mm f/4 na 100-400 ni nguo za siku tatu.

Mwambao una kanuni zake. Pale Mida Creek, kwenye tope la kupwa, ndege wa ufukweni wanaweza kuwa mita mia mbili mbele yako, na hakuna lenzi ya kilo moja wala ya kilo tatu itakayowajaza kwenye fremu. Waongozaji wa kwetu wanajua dawa: darubini ya jicho moja iliyosimamishwa kwenye stendi, na simu ikashikizwa kwenye kijicho chake. Vifaa hivyo si vyepesi, lakini ikiwa darubini hiyo ungeibeba hata hivyo, kamera yako ya milimita elfu na zaidi haikuongezei hata gramu. Fanya kazi mapema. Kuanzia saa tatu au saa nne hewa juu ya tope lenye joto inaanza kucheza, kila ndege wa mbali anayumba, na hapo mwenye lenzi ya dola 13,000 na mwenye simu wako sawa. Ziwa Natron, na heroe wake waliosimama mbali kwenye magadi, ni vivyo hivyo.

Pwani na milimani kuna adui mwingine, unyevu. Lenzi iliyofungiwa begini Tanga au Mombasa miezi michache inaota kuvu ndani, nyuzi nyeupe ambazo kitambaa hakizifikii, na kamera zenye lenzi isiyong'oka ndizo ngumu zaidi kusafishwa. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana na vifuko vya silika vinatosha, mradi silika ikaushwe ikichoka. Kasha lisiloingia maji nalo lina uzito wake: RF 600mm f/11 na RF 100-400 hazina kinga hiyo, na sehemu ya gramu zilizopungua imetoka huko. Bodi ya OM-1, ya Micro Four Thirds na yenye kiwango cha IP53, inayo. Mvua ya Usambara haipigi hodi, na kwa sababu hiyo peke yake ningempa mtu wa milimani OM-1 na ile 300mm f/4, karibu kilo mbili zikiwa pamoja, kabla ya kumpa chochote cha f/11. Ukinunua kilichokwisha tumika, mwanga wa tochi kupitia kioo cha mbele utakuonyesha kuvu kama ipo.

Kwa anayeanza, fedha zikiwa chache na ndege wakiwa wa bustanini, shambani na kandokando ya barabara, RF 100-400 na bodi ndogo ya APS-C ndiyo ningeitaja kwanza. Mwenye gari na mbuga wazi, anayetaka urefu kwa bei nafuu, f/11 haitamdhulumu. Mwenye kuandika kumbukumbu achukue P950. Nikon 600 PF ni ya mwenye nacho ambaye mgongo wake umeanza kudai.

Kinabaki kisa kimoja nisichokuwa na jibu lake. Juu ya Milima ya Uluguru anaishi Malaconotus alius, ndege mwenye kofia nyeusi na kifua cha manjano ambaye hapatikani pengine popote duniani. Anakaa kileleni mwa miti mirefu, kwenye majani mazito, na nyuma yake mara nyingi ni ukungu mweupe. Anataka urefu wa savana, tundu la msituni, na mtu aliyepanda mlima kwa miguu. Kwa huyo, anayebeba kilo moja na anayebeba kilo nne wote watashuka na doa jeusi kwenye weupe. Wa kilo nne doa lake litakuwa na ukingo mkali zaidi.